Mfupa wa Paja la Soksi

Jumatatu, 7 Aprili

Nimempima tena kabla ya kufagia. Paja la kulia, sentimita thelathini na mbili. La kushoto, ishirini na tisa. Wiki iliyopita lilikuwa thelathini. Natumia utepe wa cherehani wa Mama, mahali palepale kila mara, vidole vinne juu ya goti. Mwalimu Ndunge wa fizikia alitufundisha hivi: pima mara tatu, andika zote tatu, usichague unayoipenda. Leo zote tatu zimelingana. Siipendi hata moja.

Soksi, mbwa wangu, anasimama kwa miguu mitatu. Wa nyuma wa kushoto anaukunja tumboni kama mtu aliyeshika kitu asichotaka kionekane. Akijaribu kuukanyaga, pia ya goti, kile kifupa cha duara cha mbele, inateleza kuelekea ndani. Nikiweka kidole naisikia ikitoka. Halafu analia.

Ana miaka miwili. Nilimwokota kwenye kibanda cha Baba cha uchongaji, hapa Wamunyu, amelala ndani ya vibanzi vya jakaranda, nyayo nne nyeupe. Kazi yake ni kufukuza tumbili shambani. Leo tumbili mmoja alikaa juu ya ua akala papai letu polepole, akimtazama. Soksi alibweka akiwa amelala.

Likizo ni wiki tatu. Nataka arudi kukimbia kabla sijarudi bweni. Nimeandika hilo ukurasa wa kwanza wa daftari hili. Leo nimeona aibu kulisoma.

Jumatano, 9 Aprili

Kliniki. Baba aliazima pikapu ya jirani, tukamweka Soksi ndani ya kreti ya vinyago, juu ya vibanzi. Hakutapika.

Daktari Mwende anatibu mifugo mjini Machakos, nyuma ya duka la mbegu. Wateja wake wengi ni wenye ng'ombe. Mzee mmoja foleni alimwuliza Baba, "Hii mbwa inakamuliwa lita ngapi?" Watu wakacheka. Baba alicheka pia, kidogo, akatazama viatu vyake.

Daktari aliuliza kama Soksi amekula. Nilikuwa nimempa uji asubuhi kwa huruma. Kwa hiyo ilibidi sindano ya kumlegeza iwe ndogo. Stima ilikuwa imepotea mara mbili, kila mtu anaharakisha.

Kwa picha hii ya eksirei mbwa hulazwa chali ndani ya kihori cha mbao, miguu ya nyuma ikavutwa ikanyooka, mapaja yakalala sambamba na meza. Walipovuta wa kushoto aliguna kama mtu. Bwana Musau, msaidizi wa daktari, aligeuka kuvaa aproni yake nzito ya risasi. Nilikuwa nimejifunga leso ya Mama mabegani. Nikaikunja mara nne nikaisukuma chini ya goti la kushoto la Soksi. Akanyamaza papo hapo. Bwana Musau aligeuka akasema, "Ametulia! Msichana, wewe uko na mkono mzuri." Halafu akanitoa nje, maana mtoto haruhusiwi kukaa mle mashine ikiwaka.

Nilijivuna. Naandika kwa sababu ni kweli.

Daktari alinichapia nakala ya picha, mapaja yote mawili, kisha stima ikapotea tena. Akasema atapima kwenye kompyuta ikirudi. Wakati tunangoja alinionyesha jinsi ya kupima kwa mkono. Unatafuta katikati ya mfupa mahali pawili, unapitisha mstari mrefu. Chini, kwenye goti, mfupa una vifundo viwili, unapitisha mstari wa pili ukivigusa vyote. Kisha unapima pembe upande wa nje. Mbwa mwenye paja zuri hupata tisini na kitu. Ikipita mia na mbili, mfupa wenyewe umepinda, na huwezi kutengeneza goti bila kuukata mfupa kwanza.

Alisema penseli iwe na ncha. Mstari mnene huficha digrii nzima.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimebandika picha dirishani kwa gundi ya karatasi ili nuru ipite. Rula, penseli, protrakta ya seti yangu ya hesabu.

Paja la kulia: 97, 97, 96.

Paja la kushoto: 108, 109, 108.

Nimerudia na kurudia. Nimefuta mpaka karatasi imetoboka kidogo.

Nimepima pia urefu, hakuna aliyeniambia. Kulia, sentimita kumi na tisa na nusu. Kushoto, kumi na nane. Nadhani mfupa mgonjwa umeacha kukua. Maskini.

Mama aliniita kuchambua maharagwe mara tatu. Mara ya nne alikuja mwenyewe, akasimama nyuma yangu, akaangalia. Akaenda kuyachambua yeye.

Ijumaa, 11 Aprili

Daktari Mwende alipiga simu saa nne. Kompyuta yake imepata mia na nane. Sawa na yangu.

Kuna sehemu ndogo yangu iliyofurahi kwamba nilipima sawa. Naichukia sehemu hiyo.

Mfupa unahitaji kukatwa, kunyooshwa na kufungwa kwa bamba la chuma na skrubu. Yeye hafanyi hiyo. Nairobi wapo wanaofanya. Baba alisikiliza, akasema asante daktari, akakata simu. Kisha akasema hawezi kumpeleka ngiti, mbwa tu, Nairobi kukatwa mfupa wakati Susu, nyanya yangu, anangoja zamu ya macho yake tangu mwaka jana. Hakusema kwa ukali. Ingekuwa afadhali. Mtu akikukaripia unapata mahali pa kushika.

Mnyama asiteseke, akasema. Daktari atamlaza kwa sindano asiamke tena, Alhamisi, kabla kliniki haijafungwa kwa Pasaka.

Namba ni yangu pia. Niliipima mara tatu.

Jumapili, 13 Aprili

Jumapili ya Matawi. Sikuimba. Nilishika tawi langu tu.

Niliomba kwa ajili ya Soksi, halafu nikaona haya, maana Susu alikuwa ameketi kando yangu na haoni hata kitabu cha nyimbo. Nikaomba kwa ajili ya Susu. Halafu Soksi tena. Sijui kama inahesabiwa hivyo.

Baada ya misa binamu yangu Mbithe alinivuta pembeni. "Eti Mumbua unalilia mbwa? Si utapewa ingine! Mbwa zimejaa sokoni bure." Hakuwa mbaya. Aligawa mandazi yake nusu akanipa. Nilikula. Hayakuwa na ladha yoyote.

Jumatatu, 14 Aprili

Soksi hakula. Ishirini na nane na nusu.

Mvua usiku kucha. Zimebaki siku tatu.

Jumanne, 15 Aprili

Sijui niandike vipi.

Nilimpelekea Baba chai kibandani. Anachonga bakora kumi za mteja. Iliyokuwa mezani kwake ilikuwa na mpindo mbaya katikati. Nikamwambia, "Baba, hii imepinda."

"Haijapinda."

"Imepinda, si unaona?"

"Kichwa yake imekalia kibanzi. Toa hiyo kibanzi kwanza, ndio uangalie."

Nikatoa. Bakora ikalala. Nikaitazama kutoka juu. Ulibaki mpindo mdogo tu, kama wa kidole.

Baba alikuwa anacheka. Aliirudisha kwenye kibanzi, ncha ikainuka, na mpindo ukarudi mkubwa. "Mti ukiinuka upande mmoja unakudanganya," akasema. "Hata urefu unakudanganya. Unaona imekuwa fupi?"

Niliona.

Imekuwa fupi. Kumi na nane, na sio kumi na tisa na nusu.

Leso.

Kitambaa hakionekani kwenye eksirei. Mfupa tu ndio huonekana. Hakuna aliyeniona nikiiweka, na Bwana Musau alisema nina mkono mzuri. Goti lilikuwa juu ya leso iliyokunjwa mara nne, paja limeinama, na mashine ikapiga picha kutoka juu, kama mimi nilivyotazama bakora.

Nilimwaga chai. Baba aliuliza kama nimeungua. Nilisema ndiyo.

Jumatano, 16 Aprili, asubuhi

Sijasema.

Nimejipa sababu. Naziandika zote ili nizione. Moja, labda mfupa umepinda kweli na leso haikubadilisha kitu, nami nitakuwa nimemrudisha kwenye kihori aumie mara ya pili bure. Mbili, Daktari Mwende hatanifundisha tena. Tatu, Mama atajua ni leso yake.

Ya pili ndiyo ya kweli. Nataka kuwa daktari wa wanyama. Nilikuwa nimemwambia. Aliniambia, "Basi jifunze kutazama." Na mimi, badala ya kutazama, niliweka kitambaa mahali nisipoambiwa na sikusema.

Ninaoga, ninafagia, ninakaa na siri ambayo inaweza kumwua. Mimi ni mwoga. Sikujua hilo kabla ya likizo hii.

Jioni

Baba alikuwa anachimba nyuma ya kibanda, kwenye udongo laini. Nilifikiri ni shimo la takataka. Lilikuwa refu mno na jembamba. Alikuwa ndani mpaka magotini.

Soksi alikuwa amelala ukingoni, kidevu juu ya udongo uliotolewa, akimwangalia anavyofanya kazi. Baba alikuwa anamsemesha kwa Kikamba, pole pole. Baba hasemi na mbwa. Aliponiona akanyamaza.

Nikasema yote. Nilisema vibaya, nikaanza mwisho, nikarudi mwanzo. Baba alisimama ameshika jembe.

"Leso ya nani?"

"Ya Mama."

"Ulikunja mara ngapi?"

"Nne."

Alipima hewani kwa kidole gumba na cha shahada, unene wake. Alitazama nafasi hiyo kati ya vidole kwa muda mrefu, kama anavyotazama mti kabla ya kushika tezo. Nilingoja anipige. Hajawahi kunipiga, lakini nilingoja.

"Mbona hukusema jana?"

Nikasema niliogopa.

"Uliogopa nani?"

Nilitazama shimo. Akatoka shimoni, akapangusa mikono kwenye suruali, akanipa simu yake. "Mpigie daktari. Wewe mwenyewe. Mimi sikuweka leso."

Nilipiga. Nilimwambia. Kisha Daktari Mwende akasema nimlete kesho asubuhi vilevile, asile chochote, wala asinywe maji baada ya alfajiri.

Sijui kama amekasirika. Naandika hapa kwamba ana haki.

Alhamisi, 17 Aprili

Ilikuwa leo. Sindano ilikuwa tayari kwenye sinia, imefunikwa kwa kitambaa kijani. Niliiona.

Soksi alipewa dawa ya kutosha safari hii, akalala kweli, ulimi nje. Daktari alimlaza yeye mwenyewe. Mapaja yote mawili chini, sambamba. Aliniita mlangoni kabla ya kunitoa, akanionyesha mkono wake ukipita chini ya goti: hakuna kitu. "Tazama. Sasa toka."

Nilikaa nje na Baba kwenye benchi. Mwenye ng'ombe mwingine alitaka kumtania Baba kuhusu mbwa. Baba alimtazama tu na yule mtu akaanza kuongea habari za mvua.

Daktari alipima mbele yetu. Mia na mbili. Akapima tena, akaanza mistari upya. Mia na tatu. Tena. Mia na moja.

Urefu wa mifupa sasa ni sawa, kulia na kushoto.

Nilitaka namba inayosema. Hata mbaya. Nimeletewa hii iliyokaa juu ya ukuta, mguu mmoja huku na mmoja kule.

Daktari hakunigombeza. Alisema alipaswa kuona siku ile kwamba paja moja limeonekana fupi, alikuwa na haraka, na kosa lile lina watu wawili. Nilisema la kwangu ni kubwa zaidi. Akasema hatutagawana kama mkate. Halafu akaniambia, "Siku nyingine ukitaka kumtuliza mgonjwa, niambie kabla. Nitakuonyesha mahali pa kuweka." Nilitazama sakafu. Alisema siku nyingine.

Kisha akamweleza Baba. Anaweza kufanya operesheni ndogo hapahapa Machakos: kuchimba mfereji wa goti uwe na kina, na kusogeza kidogo mahali kano inaposhika mfupa, ili pia ya goti ikae njiani. Bila kukata paja. Kwa mbwa wa tisini na tano angesema twende. Kwa wa mia na nane alisema hapana. Kwa huyu hajui. Inaweza kukaa. Inaweza kuteleza tena baada ya mwezi, na hapo atakuwa ameumia mara mbili, na sindano itakuwa ileile.

Baba aliuliza swali moja tu. Akauliza mfereji unachimbwa na kifaa gani. Daktari akamwonyesha. Baba alikigeuza mkononi, akagusa makali kwa kidole.

"Tujaribu mara moja," akasema. "Mara moja peke yake."

Sikushukuru mtu. Nilitoka nje nikalia nyuma ya pikapu.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Njia ya Msalaba, mvua. Nimechoka hata kuomba. Shimo limejaa maji.

Jumatano, 23 Aprili

Operesheni ilikuwa jana. Ilichukua saa mbili na dakika kumi. Amerudi leo, paja limenyolewa, mshono mrefu, wa rangi ya buluu. Kichwani amevaa ndoo iliyokatwa tako ili asijirambe. Anagonga milango nayo. Mama alicheka mara ya kwanza tangu likizo ianze, halafu akaninunia tena. Leso ilifuliwa mara mbili na bado hajaivaa.

Soksi hakanyagi. Daktari alisema hatakanyaga kwa siku nyingi. Najua. Bado natazama kila anaposimama. Kila mara mguu unarudi tumboni.

Jumamosi, 26 Aprili

Leo asubuhi nilisikia pia ya goti ikibofya. Au nadhani nilisikia. Niliweka kidole, haikutoka. Nilingoja nusu saa na kidole pale. Hakuna kitu.

Sina imani na masikio yangu. Sina imani na macho wala mikono. Nimemaliza likizo nikiwa najua mambo machache kuliko nilivyoanza.

Sanduku limefungwa. Kesho kutwa bwenini. Hatutaruhusiwa simu. Ikiteleza wiki ya pili, au ya nne, nitajua katikati ya muhula. Wataniambia getini, au nitaona nyuso zao.

Jumapili, 27 Aprili

Paja la kulia, thelathini na mbili. La kushoto, ishirini na nane. Mara tatu, zote sawa.

Mchana mvua ilikatika. Soksi alilala juani kwenye vibanzi, ndoo kichwani. Tumbili wawili walikuja uani. Alibweka, hakuinuka.

Shimo liko palepale nyuma ya kibanda. Baba hajalifukia. Sijamwuliza.

Jioni alikuja akachuchumaa karibu nami nilipokuwa nakunja utepe. Kisha akauliza unashika wapi. Nikamwonyesha: vidole vinne juu ya goti. Akaweka vyake, vikawa vipana mno, tukakubaliana vitatu vya kwake. Akauliza mguu uwe umelala namna gani ili namba isiwe ya uongo. Nikamwambia mbwa asimame, asilazwe, na mguu uachwe uning'inie wenyewe, bila kuvutwa, bila kuwekewa kitu chini.

"Bila kitu," akasema.

Akapima yeye. Ishirini na nane. Akapima tena bila kuambiwa.

Nimemwachia daftari dogo la mistari. Nimeandika tarehe ya leo na namba ya leo, na chini yake tarehe za Jumapili zote mpaka katikati ya muhula, kila moja na nafasi tupu mbele yake. Nimemwambia aandike tu kilichopo. Akaitikia kwa kichwa, akaichukua penseli yangu, akaitazama ncha, akatoa kisu chake cha kazi na kuanza kuichonga iwe nyembamba.